Miezi Saba ya Mashine ya Pumzi

Mashine ilifika nyumbani kwetu Masumbwe nyuma ya pikapu ya parokia, imeviringishwa blanketi la kijivu kama mgonjwa. Ilikuwa ya padre mzee aliyefariki, ikabaki stoo, na baba yangu alikuwa mtu wa kwanza kuihitaji tangu wakati huo. Paroko aliileta mwenyewe pamoja na nesi wa kituo cha afya. Wakaiingiza chumbani, wakaiweka kwenye kona karibu na kitanda cha baba, na nesi akatueleza kazi yake: inavuta hewa hii hii ya chumbani, inaichuja, inabakiza oksijeni, halafu inaisukuma kwenye mpira mwembamba unaoingia puani kwa mgonjwa. Haina mtungi wa kujaza. Inachotaka ni umeme tu, mchana na usiku.

"Umeme wenu ukoje?" nesi akauliza.

Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kama wa wenzetu, mwanangu. Unakuja ukipenda."

Baba alikuwa ameegemea mito mitatu, maana kulala chali alikuwa hawezi tena. Aliitazama ile mashine kwa muda mrefu, akianzia chini kwenye magurudumu, akapanda polepole hadi kwenye taa yake ya kijani. Ndivyo alivyokuwa akiitazama kila mashine ngeni maishani mwake kabla ya kuigusa.

"Mkimaliza, mzee, mtaturudishia," paroko akasema. Alisema kwa wema, kama mtu anayeazimisha ngazi.

"Kumaliza," baba akasema, akavuta pumzi, "ndiyo lini, Padre?"

Paroko akainamisha macho. Nesi akajifanya anapanga mpira. Baba akawahurumia wote wawili. "Nitaitunza," akasema.

Baba alikuwa fundi asiyekwenda chuo chochote. Alizaliwa kijiji kimoja si mbali na Mwadui, katika familia ya Kisukuma iliyotegemea ng'ombe na pamba, na alipokuwa kijana alikwenda Shinyanga mjini akapata kazi ya kuosha vipuri kwa mafuta ya taa katika gereji. Aliviosha mpaka akajua kila kimoja kinakaa wapi. Baadaye alisikia habari za dhahabu, akaja huku magharibi, akamwoa mama, Msumbwa wa Ushirombo, na hakurudi tena. Wachimbaji wadogo walimwita kwenye maduara yao, yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba, ili awashie pampu za kutoa maji. Kisha akanunua karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu yawe unga. Ilikaa mwaloni, yaani pale wanaposagia na kuoshea mawe, chini ya paa la mabati lisilo na kuta.

Mtu akiharibikiwa na kitu, akasema atasubiri fundi kutoka Mwanza, baba alikuwa akisikitika kweli, kama aliyesikia habari ya msiba. "Barabara ikifungwa?" alikuwa akiuliza. "Huyo fundi akifa?" Aliamini kwamba nyumba inatakiwa iwe na mtu anayejua kufungua na kufunga, na kwa kuwa kaka zangu wawili hawakupenda grisi, mtu huyo nikawa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponifundisha kuwasha injini ya dizeli kwa mkono. Unashika hendeli, unazungusha mpaka gurudumu lipate nguvu, unaachia valvu, inawaka. Kabla sijaanza alinishika kidole gumba akakiweka upande mmoja na vidole vingine. "Usikizungushie hendeli," alisema. "Ikirudi nyuma, itakuvunja." Nilitikisa kichwa kuitikia. Mara ya tatu nikasahau, injini ikarudi nyuma, nikasikia kifundo cha mkono kikilia kama kijiti kinachovunjika. Baba aliufunga mkono kwa vibao viwili na kipande cha mpira wa baiskeli, akanipakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kunipeleka zahanati. Mama alikaa siku nyingi bila kuzungumza naye. Alikuwa akimwekea chakula mezani na kuondoka. Mkono ulipopona, baba alinirudisha kwenye injini ile ile. Niliogopa sana, lakini niliiwasha.

Nilipokuwa mtu mzima nilifungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji na kufunga sola huko Ibadakuli, jirani na uwanja wa ndege wa Shinyanga. Nilikuwa na wateja wangu, nilikuwa na maisha yangu. Siku moja ya Jumapili mama akanipigia simu. "Baba yako amekaa chini njiani, tukitoka kanisani," alisema. "Amekaa tu barabarani, watu wanampita."

Alikuwa akikohoa kwa muda mrefu kabla ya hapo. Zahanati walimpa dawa za kifua kikuu, akamaliza. Kikohozi kikabaki, akapewa tena. Nilimpeleka Mwanza mimi mwenyewe. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Aliishika picha ya kifua dirishani ili tuione sote.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kusaga mawe."

"Kwa muda gani?"

Baba alinionyesha kwa kidevu. "Huyu alikuwa bado hajazaliwa."

Daktari akatueleza kwamba vumbi la mawe limeingia mapafuni, limekaa, na nyama ya mapafu imekuwa ngumu kulizunguka. Haikuwa kifua kikuu. Baba alisikiliza kwa makini, akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Filta ya injini ikijaa vumbi, tunaitoa tunaipuliza kwa upepo. Hii hakuna namna ya kuipuliza?"

Daktari hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. "Hakuna, mzee wangu," akasema.

Kwenye basi la kurudi, baba alikaa dirishani. Tulipovuka Busisi ndipo alipozungumza. "Ile poda," alisema, "ilikuwa laini kuliko sembe." Nami nilikuwa nikiwaza hiyo hiyo. Utotoni nilikuwa nikimpelekea chakula mwaloni, nikimkuta amekuwa mweupe mwili mzima, kope nyeupe, nywele nyeupe, na wenzangu tukimwita mzungu. Alikuwa akitukimbiza, sisi tukicheka, vumbi likitoka kwenye nguo zake kama moshi. Alijifunga kipande cha kanga puani siku ambazo mama alimkumbusha. Mtu aliyejua kwamba injini isiyo na filta haifiki mwaka, alikaa pale miaka yote ile na pua yake wazi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuona. Nami pia sikuona.

Nilifunga kibanda changu Ibadakuli nikarudi nyumbani.

Wiki ya kwanza ya mashine ya pumzi, umeme ulikatika mara nne. Mara ya kwanza tulikuwa na jenereta ndogo ya petroli ya jirani. Niliiweka nyuma ya nyumba, upepo ukageuka, moshi ukaingia dirishani kwa mtu asiye na mapafu. Mama alimpepea kwa kanga huku akilia. Nilijua siku ile kwamba jenereta haitufai. Nikatuma mtu aniletee sola zangu kutoka Ibadakuli, nikapanda juu ya bati nikazifunga, nikaleta betri mbili kubwa, nikaziunganisha na inveta niliyokuwa nayo, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nilifanya yote kwa siku mbili. Nilipoiwasha mashine ya pumzi ikanguruma, taa ikawa ya kijani, mama akasema, "Asante Mungu."

Baba akanyoosha mkono akauweka juu ya mashine.

"Zima," akasema.

"Baba, inafanya kazi."

"Zima. Inaungua."

Nilizima. Nikafungua kifuniko, nikagusa mota, nikautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto mno, na tulikuwa tumeiwasha muda mfupi tu. Inveta yangu ilikuwa ya bei ya chini, ya kutoa umeme wa kurukaruka. Taa na redio hazijali, lakini mota inateseka nao mpaka inaungua. Jambo hili nilikuwa nikiwaeleza wateja wangu kila wiki. Nilikuwa nikiwakataza kabisa. Kwa baba yangu mwenyewe nikasahau, kwa haraka na kwa woga. Nilikaa sakafuni, bisibisi mkononi, nikashindwa kumtazama.

"Nenda Kahama," akasema. Halafu, baada ya pumzi mbili tatu, "Kula kwanza."

Nilikwenda Kahama asubuhi iliyofuata, nikarudi jioni na inveta nyingine, nzito, imefungwa kwenye gunia. Mashine ikaimba vizuri. Baba aliweka tena mkono juu yake, akafumba macho, akauacha hapo mpaka akalala.

Baada ya hapo tulizoea. Kila Jumamosi nilitoa sponji ya kuzuia vumbi nikaiosha kwa sabuni. Maji ya kile kichupa kinacholainisha hewa tulikuwa tukiyachemsha na kuyapoza, mama akiyatunza kwenye chupa yake peke yake, asiruhusu mtu kuigusa. Nilijua betri zikijaa zinatuvusha mpaka wapi. Baba alikuwa akipungua. Yule mtu aliyenifundisha kwa maneno mengi, aliyeweza kueleza nozeli moja ya injini kuanzia asubuhi mpaka wakati wa chakula, sasa alikuwa na pumzi ya maneno matatu manne kwa wakati. Aliyachagua. Nilipokuwa nikifanya kazi mbele yake alielekeza kwa kidole, na nikikosea aligonga ubao wa kitanda. Wakati mwingine nilikosea makusudi ili agonge. Nadhani alijua.

Watu walianza kuja. Walikuja kumjulia hali, wakaona nyumba yetu ina taa wakati mtaa mzima hauna, kesho yake wakarudi na simu za kuchaji. Mama hakumkatalia mtu. Asubuhi mlango wetu ulijaa "mwangaluka" na "shikamoo", na baba akiitikia kwa kuinua mkono kutoka kitandani. Alipenda sana. Alijiona bado ana karakana.

Halafu zikaja mvua. Mchana mmoja upepo ulivuma ukang'oa mabati na kulaza nguzo za umeme upande wa kutokea Bukombe. Tukaambiwa kesho umeme utarudi. Kesho ikapita. Mawingu yakaganda juu yetu, meusi, na sola zangu zilikuwa zikitoa umeme wa kuchaji simu tu. Tukarudia jenereta ya jirani kuchaji betri, safari hii mbali na dirisha, lakini siku ya tatu petroli ilikwisha mjini kwa sababu magari yalikwama kwenye tope. Nesi alituletea mtungi mdogo wa oksijeni kwenye pikipiki, ameufunga mgongoni kwa kanga kama mtoto.

"Huu ni wa saa chache tu, dada," akaniambia nje, ili baba asisikie. "Na mwingine sina."

Nilikaa barazani nikisikiliza mvua. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi ya mama mmoja mjane, rafiki wa mama yangu. Ilikuwa ya dizeli, na yeye alikuwa mtu wa kuweka akiba: alikuwa na pipa zima la dizeli ndani ya banda lake. Ile injini ilikuwa ikilia tangu asubuhi kama kawaida, wanawake wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi na udaga wa muhogo. Niliisikiliza kama mtu anayemsikia anayemfahamu akiongea chumba cha pili. Nikainuka nikavuka njia kwenye mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Mama, naomba kuifunga oltaneta ya gari kwenye injini yako. Ile inayochaji betri. Unaendelea kusaga kama kawaida, na mimi nachaji betri za baba."

Alinitazama. Ile injini ndiyo iliyosomesha watoto wake. "Itaharibika?"

"Itachoka kidogo. Ikiharibika nitaitengeneza."

"Baba yako ndiye aliyeifunga hii," akasema. "Nilikuwa nimefiwa wiki mbili. Funga, mwanangu."

Oltaneta niliipata kwa muuza vyuma chakavu, kwenye gari lililopinduka zamani. Niliifungua nikasafisha kaboni zake kwa msasa. Puli, lile gurudumu linalopitisha mkanda, sikuwa nayo, nikatumia ya pampu mbovu, nikaitoboa matundu mapya. Sehemu ya kuikalisha niliitengeneza kwa chuma cha pembe cha fremu ya kitanda cha zamani na boliti nne. Mkanda ulitoka kwenye gari la mtu aliyekuwa amekwama mtaani kwetu kwa tope. Alinipa mwenyewe, akasema gari lake haliendi popote hata hivyo. Wanawake wa foleni walinishikia mwavuli nilipokuwa nikifunga. Mmoja alikuwa ameacha kusaga, amekaa juu ya ndoo yake, akisali rozari kwa sauti ya chini.

Betri za nyumbani zilikuwa zimebakiza kidogo sana. Nilizitoa, tukamfungulia baba ule mtungi mdogo, nikazisukuma betri kwa toroli mpaka bandani. Injini ikawashwa. Nikaunganisha nyaya, nikaweka mita, namba ikapanda. Ikaendelea kupanda. Nilisimama pale nikiangalia ile namba, unga ukinidondokea kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanza nikahisi nimeshinda kitu.

Mara mama akaja mbio akivuka njia, kanga imelowa. Nikaiacha mita.

"Kuna nini?"

"Baba yako amenituma," akasema akihema. "Anasema belti imelegea."

Niliinama nikasikiliza. Chini ya mngurumo wa injini na kelele za mahindi kulikuwa na mlio mwembamba, kama wa kifaranga, kila injini ilipobebeshwa mzigo. Yeye alikuwa ameusikia akiwa kitandani, ng'ambo ya njia, ndani ya mvua.

"Hajasema kingine?"

"Hajasema kingine."

Nilichukua spana nikakaza. Mlio ukaisha. Mama alikuwa akicheka na kulia pamoja, na yule mjane naye, na wanawake wa foleni ambao hawakujua chochote wakaanza kucheka pia.

Tuliishi hivyo siku tisa. Asubuhi betri zinavuka njia na toroli, mtungi unashika zamu, mchana zinarudi zimejaa. Mtungi ulipokwisha niliazima betri nyingine mbili kwa watu wa sola ili zipokezane. Nguzo zikasimamishwa, umeme ukarudi, jua likatoka. Nilifungua ile oltaneta nikaipaka mafuta nikaihifadhi. Niliamini kwamba sasa nimeziba kila tundu. Umeme ukikatika kuna betri, betri zikiisha kuna injini, injini ikifa ninaye mimi. Nililala vizuri wiki tatu nzima.

Alikufa asubuhi, saa nne, jua likiwaka. Umeme ulikuwepo. Betri zilikuwa zimejaa. Alikuwa amekunywa vijiko viwili vya uji na mama alikuwa akimfuta mdomo. Nilisikia pumzi yake ikibadilika, ikawa fupi na ya juu juu, nikageuka nikaona midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau.

Nilikimbilia mashine.

Taa ilikuwa ya kijani. Kile kigololi kinachoonyesha hewa inayotoka kilikuwa kimesimama palepale kilipotakiwa kusimama. Sikuamini. Nilitoa sponji, ilikuwa safi, nikaipuliza. Nilichomoa mpira nikautumbukiza kwenye kikombe cha maji, mapovu yakatoka kwa wingi. Nikaurudisha, nikaufuata kwa vidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho nikitafuta mahali ulipojikunja. Nikapiga magoti nyuma ya mashine nikaanza kufungua kifuniko.

"Mwanangu, njoo," mama akasema.

"Subiri, mama. Kuna mahali inavuja."

"Hakuna inapovuja. Njoo kwa baba yako."

"Dakika moja, mama."

Boliti ya nne ilikuwa imekaza. Niliizungusha, ikateleza, nikaizungusha tena. Nilisikia mama akianza Salamu Maria, sauti yake ikitetemeka, halafu ikatulia. Ilipotulia nikageuka. Alikuwa amekilaza kichwa cha baba kifuani mwake na kiganja chake kilikuwa juu ya macho yake. Mashine ilikuwa ikiendelea kusukuma hewa. Hapakuwa na kitu chochote kibovu.

Watu waliniuliza msibani, kama watu wanavyouliza, kwamba aliondokaje. Niliwaambia alikwenda kwa amani, mikononi mwa mama. Ni kweli. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nimempa mgongo. Miezi saba sikutoka karibu yake, na dakika zile nilikuwa nikizungumza na boliti.

Mama anajua, na hakuwahi kunilaumu. Mara moja tu aligusia. Ilikuwa baada ya matanga, tunakata viazi vitamu vya kukausha viwe michembe, tumekaa uani. Alisema bila kuinua macho, "Alikuwa anakutazama."

"Nani?"

"Baba yako. Ulipokuwa pale chini. Alikuwa anatazama mikono yako."

Nilitaka kumuuliza alikuwa anatazama vipi, nikachukua kiazi kingine. Mama akaendelea kukata viazi. Sijui kama ni kweli au alitaka kunifariji. Mama yangu si mtu wa kusema uongo, lakini mimi ni mwanawe.

Kwenye maziko walikuja wengi kutoka mwaloni. Walisimama upande mmoja, wanaume wazima, wengine wadogo kwangu, wamevaa mashati yao safi. Paroko aliposoma, kikohozi kilikuwa kikianza kwa mmoja, kinapokewa na mwingine. Nilikuwa nimezoea kusikia kikohozi kile kwa mtu mmoja, chumbani.

Tuliirudisha mashine parokiani. Haikukaa hata mwezi. Ilihitajika kwa mtu mwingine upande wa Ushirombo, mwenye karasha pia, baba wa watoto wanne, na paroko akaniomba nikaifunge. Nilibeba betri zetu na inveta. Mke wake alinishika mikono yote miwili. "Wabeja sana, wabeja sana," alikuwa akishukuru, kana kwamba nimeleta uhai kwenye sanduku. Nilimwonyesha jinsi ya kuosha sponji, jinsi ya kuchemsha maji, jinsi ya kusoma betri. Alikuwa mwepesi wa kushika. Nilipokuwa nikiaga nilirudi mlangoni nikamwambia jambo jingine.

"Siku akizidiwa kweli, dada, angalia taa mara moja tu. Ikiwa ya kijani, iache mashine, kaa naye."

Alinitazama kama niliyesema neno baya. Labda lilikuwa baya. Mumewe aliishi mpaka mwisho wa kiangazi, na alipofariki sikuwa na ujasiri wa kuuliza ilikuwaje.

Sikurudi Ibadakuli. Nina kibanda hapa Masumbwe, natengeneza pampu. Siku za Alhamisi nakwenda mwaloni. Nilitengeneza kitu rahisi: pipa la maji juu ya stuli ya chuma, bomba jembamba, na koki inayodondosha maji pale mawe yanapoingia kwenye karasha, ili vumbi lilowe lisiruke. Nimewafungia watano. Wawili waliondoa wiki hiyo hiyo. "Dada, unga ukilowa unaganda," mmoja aliniambia, akikohoa kwa heshima, ameziba mdomo kwa kiwiko. "Unapunguza kasi." Ni kweli unapunguza kasi. Nimejaribu kubadilisha matundu ya bomba yawe madogo zaidi, inasaidia kidogo. Alhamisi iliyopita nilikuta mapipa mawili yana maji, moja limekauka, na karasha ambazo hazijafungiwa bomba zilikuwa zikinguruma kama siku zote, na wanaume pale chini ya mabati walikuwa weupe, kichwa mpaka miguu, hata sikuweza kuwatambua mpaka waliponisalimia.